Sifuri Kumi na Moja

Kila Mkongomani aliyekuwa na pesa mkononi mwaka 1993, na akaishi hadi kuuona mwaka 1998, alipita juu ya namba moja kubwa bila mtu kumwambia jina lake. Oktoba 1993, zaire 3,000,000 ziligeuzwa kuwa zaire mpya moja. Tarehe 30 Juni 1998 faranga ya Kongo ilirudi, na zaire mpya 100,000 zikawa faranga moja. Ukizidisha milioni tatu kwa laki moja unapata 300,000,000,000. Hizo ndizo zaire za kale zilizokaa ndani ya faranga moja siku ile ya kwanza: tatu ikifuatwa na sifuri kumi na moja.

Sasa isome kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya darasa. Hapo ndipo kazi inapoanza, na hapo ndipo ninapotaka kubishana na wenzangu wa kitivo wanaosema kwamba wao walikuja kusoma lugha, hesabu waliziacha sekondari. Nasema namba kubwa ni somo la lugha kabla ya kuwa somo la hisabati, na kwamba sisi tunaotoka hapa na cheti cha mtafsiri, mwalimu au mwandishi wa habari hatujafundishwa kuitamka wala kuikagua. Katika mji mwingine huenda ingekuwa kasoro ndogo. Kisangani ina deni la fidia linalotajwa kwa mamilioni ya dola, na watu wake wanalijadili kwa lugha tatu katika sentensi moja. Nitalifikia.

Nianze na jina. Aliyesoma katika shule zetu, ambako hesabu hufundishwa kwa Kifaransa kuanzia madarasa ya juu, ataiita "trois cents milliards", na akiivuta kwenye Kiswahili atasema miliari mia tatu. Aliyesomea Dar es Salaam au Nairobi atasema bilioni mia tatu. Wote wawili wamesema kweli, kila mmoja nyumbani kwake. Lakini Kifaransa nacho kina neno "billion", na katika Kifaransa neno hilo ni milioni mara milioni, yaani moja na sifuri kumi na mbili. Mwanafunzi anayekutana na "bilioni mia tatu" katika gazeti la Tanzania akaandika "trois cents billions" ameongeza sifuri tatu kwa kalamu yake mwenyewe, na sentensi yake haina kosa lolote la sarufi. Mwalimu anayesahihisha kwa kutafuta upatanisho wa viambishi hataona kitu.

Mkanganyiko huu hatukuuanza sisi. Mfaransa Nicolas Chuquet aliliandika neno hilo mwaka 1484 akimaanisha milioni mara milioni. Baadaye Wafaransa wenyewe wakateleza wakalitumia kwa milioni elfu, Wamarekani wakachukua maana hiyo ya pili, kisha Ufaransa ikarudi rasmi kwenye maana ya kwanza mwaka 1961. Waingereza walishikilia maana ya Chuquet hadi mwaka 1974, serikali yao ilipohamia upande wa Wamarekani. Kwa hiyo hata kitabu cha Kiingereza cha zamani kilichochapwa London hakiaminiki kwa neno hili mpaka utazame mwaka wa kuchapwa. Kiswahili cha Tanzania na Kenya kimepokea maana ya Kimarekani, na sisi wa Kongo tumepokea miliari kutoka kwa Wabelgiji. Kwa hiyo wanaosema miliari ni Kiswahili kibovu na bilioni ni Kiswahili sanifu wanatetea mkopo mmoja dhidi ya mkopo mwingine. Na mikopo katika hesabu zetu ni ya tangu zamani. Moja hadi tano, nane na kumi ni za Kibantu. Sita, saba, tisa, mia na elfu zimetoka kwa Waarabu. Laki imevuka bahari kutoka India. Kila sifuri zilipoongezeka, aliyetuletea bidhaa alituletea na neno.

Tukiacha jina, tuitazame namba yenyewe ndani, maana mtafsiri anayejua kuifungua namba hapotezi sifuri kirahisi. 300,000,000,000 ni tatu mara kumi iliyozidishwa kwa yenyewe mara kumi na moja. Kumi ni mbili mara tano. Basi namba yote imejengwa kwa aina tatu tu za matofali: tatu moja, mbili kumi na moja, na tano kumi na moja. Hizo ni namba tasa, yaani zile ambazo hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe, na hakuna njia nyingine ya kuijenga namba hii kwa namba tasa. Ukitaka kujua inagawanyika sawasawa kwa namba ngapi, huna haja ya kujaribu moja moja. Unachagua kuiweka ile tatu au kuiacha, hizo ni njia mbili; unachukua mbili kuanzia hakuna hadi kumi na moja, njia kumi na mbili; na tano vivyo hivyo, njia kumi na mbili. Mbili mara kumi na mbili mara kumi na mbili ni 288. Vigawo 288, vyote vimepatikana bila kugawanya hata mara moja.

Saba haimo katika matofali hayo, kwa hiyo namba haigawanyiki kwa saba. Inabaki moja. Maana yake ni kwamba ukianza kuhesabu siku na siku yako ya kwanza ikawa Jumatatu, siku ya 300,000,000,000 nayo itakuwa Jumatatu. Ukipunguza moja unapata 299,999,999,999, ambayo ni saba mara 42,857,142,857. Ukiongeza moja unapata 300,000,000,001, ambayo ni kumi na tatu mara 23,076,923,077. Namba yetu imekaa katikati ya jirani wawili, mmoja wa saba na mwingine wa kumi na tatu, yenyewe haina undugu na yeyote kati yao. Mtu anaweza kusema haya hayana faida. Kwangu yana faida moja ya kikazi: yanathibitisha kwamba namba kubwa ina sura. Ukikosea sifuri moja tu, baki la saba linabadilika. 30,000,000,000 ikigawanywa kwa saba inabaki tano, na 3,000,000,000,000 inabaki tatu.

Tofali linalonivutia zaidi ni lile la tatu, kwa sababu ndilo lililowaumiza watu. Mbili na tano ni matofali ya kumi; hayasumbui mtu, yanasogeza sifuri tu. Badiliko la 1998 lilikuwa la namna hiyo: futa sifuri tano, basi. Lakini lile la 1993 lilikuwa na tatu ndani yake. Miongoni mwa noti za zaire za kale zilikuwamo za milioni moja na za milioni tano. Tatu za milioni moja zilifanya zaire mpya moja kamili. Moja peke yake ilifanya makuta mapya 33, na theluthi ya likuta isiyokuwa na sarafu. Noti ya milioni tano ilifanya zaire mpya moja na makuta 66, na theluthi mbili zikabaki hewani. Kumi, mia, elfu au milioni, yoyote utakayoigawanya kwa tatu haitaisha. Itaandika tatu tatu hadi karatasi iishe. Waliochagua kipimo kile walichagua namba isiyokubaliana na noti zilizokuwa mikononi mwa watu.

Noti ile ya milioni tano ilikuwa na historia yake tayari. Étienne Tshisekedi, akiwa Waziri Mkuu, aliikataa, wafanyabiashara wakaikataa, wanajeshi waliolipwa kwayo mwezi Januari 1993 huko Kinshasa wakaona pesa zao hazinunui kitu, wakaingia mitaani kupora. Watu wengi waliuawa katika fujo hizo, na balozi wa Ufaransa akiwa miongoni mwao. Na zaire mpya ilipokuja miezi tisa baadaye, Kasai ilikataa kuipokea na kuendelea na zaire za kale. Sisemi kwamba tofali la tatu ndilo lililoleta haya yote. Siasa ndiyo iliyoleta. Nasema aliyekuwa sokoni wakati ule alihitaji maneno ya kueleza theluthi ya likuta imekwenda wapi.

Kuhesabu si mali iliyoletwa na meli, naweka neno hili pembeni kwa wale wanaodhani hivyo. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua huko Ishango, kando ya ziwa Edward, mfupa mdogo uliochongwa alama kwa safu tatu. Safu mbili zina alama 60 kila moja, ya tatu ina 48; jumla 168. Safu moja imepangwa kwa mafungu ya 11, 13, 17 na 19, ambazo zote ni namba tasa, na wataalamu wanabishana hadi leo kama mchongaji alikusudia. Una umri wa miaka elfu ishirini au zaidi na uko Brussels. Ukitaka kuchonga zaire zetu 300,000,000,000 kwa mtindo ule, utahitaji mifupa 1,785,714,285, na bado utabaki na alama 120 zisizo na mfupa. Hazigawanyiki sawasawa kwa sababu 168 ina saba ndani yake, na namba yetu haina. Ukiamua kuacha kuchonga na kuhesabu kwa mdomo tu, moja kila sekunde bila kulala, utamaliza baada ya miaka zaidi ya 9,500.

Nirudi kwenye lugha, maana miliari na bilioni si shimo pekee. Mwambie mwenzako aandike kwa tarakimu: "elfu mia tatu na tano". Mmoja ataandika 305,000, mwingine 300,005, na kila mmoja atakutetea jibu lake kwa nguvu, kwa kuwa katika Kiswahili elfu hutangulia na wingi wake hufuata, na hakuna alama inayoonyesha wingi huo unaishia wapi. Ile "na tano" ni ya elfu au inasimama peke yake? Watanzania wana dawa nzuri ya hili, nayo ni laki: laki tatu na elfu tano, hakuna ubishi. Hapa kwetu laki haisikiki sana, na nadhani tumejinyima chombo. Wengine hugeuza wakasema "mia tatu na tano elfu", ambayo inaeleweka, ingawa wapo walimu watakaoikunjia uso kwa kuwa inafuata mpangilio wa Kifaransa. Mimi siikunjii uso. Afadhali mpangilio wa kigeni unaotoa namba moja kuliko mpangilio wa asili unaotoa mbili.

Halafu kuna mkato na nukta. Katika makala haya nimetenga maelfu kwa mkato, kama vinavyofanya vitabu vya Kiswahili vya Afrika Mashariki. Lakini msomaji wetu aliyefunzwa kwa Kifaransa anajua mkato kuwa ndio unaotenga nzima na sehemu, na maelfu huyatenga kwa nafasi au kwa nukta. Kwake 3,250 inaweza kuwa tatu na robo. Kwa Mtanzania ni elfu tatu mia mbili na hamsini. Karatasi ile ile, wino ule ule, na tofauti ni mara elfu. Tangu nchi yetu iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 karatasi za aina hii zinaongezeka, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Jumuiya hiyo. Nani atazitafsiri kama si sisi? Bajeti ya Tanzania ya mwaka 2024/2025 ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Mtafsiri akiandika "49,35 trillions" kwa Kifaransa, amebadili nukta kuwa mkato vizuri kabisa, na papo hapo amezidisha bajeti ya jirani kwa milioni moja, maana "trillion" ya Kifaransa ina sifuri kumi na nane. Serikali yetu yenyewe imeona hatari hiyo, au labda imefuata mazoea tu: bajeti ya 2024 ilizidi faranga miliari 40,000, na inatangazwa hivyo hivyo, kwa maelfu ya miliari, bila kupanda kwenye neno linalofuata.

Basi tuje Kisangani. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki, yenye makao The Hague, iliamuru Uganda iilipe nchi yetu dola 325,000,000 kwa madhara ya vita, kufuatia hukumu yake ya mwaka 2005. Kiasi hicho kimegawanywa mara tatu: dola 225,000,000 kwa madhara kwa watu, 40,000,000 kwa mali, 60,000,000 kwa maliasili. Malipo yalipangwa kwa mafungu matano ya dola 65,000,000, moja kila mwaka kuanzia 2022 hadi 2026. Fidia hiyo si ya mji wetu peke yake. Ituri imo, na wengine wamo. Lakini ni mji wetu ulioshuhudia majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yakipigana barabarani kwa siku sita, kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, na makombora zaidi ya 6,000 yakiangukia nyumba za watu wasio na upande. Mfuko uliowekwa na Serikali kugawa fidia hiyo, FRIVAO, unafanya kazi hapa hapa.

Katika kesi hiyo Kongo ilidai zaidi ya dola miliari 11. Nimesikia kiasi hicho kikitajwa kuwa milioni 11, miliari 11 na bilioni 11, wakati mwingine na mtu yule yule, jioni ile ile, chini ya mti ule ule. Ukichukua milioni 11, fidia iliyotolewa inaonekana ni mara ishirini na tisa ya dai, na mzee anayesikiliza atauliza kwa haki kwa nini watu wanalalamika. Ukichukua bilioni kwa maana ya Kifaransa, fidia ni tone lisiloonekana. Ukweli uko kwenye miliari: 325,000,000 ni chini kidogo ya asilimia tatu ya kilichodaiwa. Kila mtu ana haki ya kuona asilimia tatu kuwa nyingi au chache. Ila hawezi kuamua kama hajaambiwa ni tatu.

Namba hii nayo ina sura yake ndani. Ni mbili sita, tano nane na kumi na tatu moja. Ile 325 inayoiongoza ina sifa ambayo walimu wa hisabati huipenda: ndiyo namba ndogo kuliko zote inayoweza kuandikwa kwa njia tatu tofauti kuwa jumla ya miraba miwili, yaani namba mbili, kila moja ikiwa imezidishwa kwa yenyewe. 1 na 324. 36 na 289. 100 na 225. Hiyo ya tatu inafanana na hukumu yenyewe: 225 ya watu, na 100 ya mali na maliasili kwa pamoja. Ni bahati tu, na aliyepoteza mguu hataishi kwa miraba. Kinachomhusu yeye ni sifa nyingine, nyepesi zaidi: namba hii inagawanyika vizuri kwa kumi. Wanaostahili sehemu ya watu wakiwa 10,000 na kugawiwa sawa, kila mmoja ana dola 22,500. Wakiwa 100,000, kila mmoja ana 2,250. Orodha ikiongezeka sifuri moja, fungu linapoteza sifuri moja. Fidia haigawiwi kwa usawa wa namna hiyo, najua, kila madhara yana kipimo chake. Lakini mama aliyekaa mbele ya dirisha na fomu mkononi anastahili kuelezwa mfano huo kwa Kiswahili anachokielewa, kabla mtu mwingine hajaja kumwahidi kiasi kisichowezekana.

Na mtu wa kumweleza ni nani? Mara kadhaa nimeitwa mtaani, "mwanafunzi, njoo utusomee karatasi hii", na wewe msomaji umeitwa vivyo hivyo. Hawamwiti mtu wa kitivo cha sayansi. Wanamwita mtu wa lugha, kwa sababu kwao karatasi ni maneno.

Kwa hiyo naomba kitivo kifanye mambo machache. Katika kazi zote za tafsiri zinazotolewa hapa, namba yoyote kuanzia milioni elfu iandikwe kwa tarakimu zote mara ya kwanza inapotajwa, pamoja na jina lake. Jina kwa wasomaji wa Kongo liwe miliari. Na penye shaka yoyote tuseme milioni elfu, kwa maana hakuna shule duniani inayobishia milioni elfu. Zaire zetu basi ni miliari mia tatu, au milioni elfu mia tatu, au, kama tungekuwa na ujasiri wa kuirudisha laki, milioni laki tatu. Hilo la mwisho ndilo nilipendalo, fupi na halina mlango wa kuingilia kosa. Bilioni na trilioni tuzifundishe vilevile, lakini kama tunavyofundisha maneno yanayofanana sura katika lugha mbili na kutofautiana maana: kwa tahadhari. Na mtihani wa tafsiri uwe na namba ndani yake, si methali peke yake. Kosa la sifuri tatu litozwe alama kama kosa la maana, maana ndivyo lilivyo.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu limeshakuja kwa mdomo. Kwamba Baraza la Kiswahili huko Dar es Salaam limeshatoa njia, na kwamba sisi wa Tshopo, ambao Kiswahili chetu kinaishi nyumba moja na Kilingala, tukijiwekea miliari yetu tutazidi kujitenga na Kiswahili cha wengine. Naliheshimu. Tahajia na istilahi nyingi tuzifuate za huko, mimi mwenyewe nazifuata. Lakini usanifishaji unalenga watu waelewane, na katika neno hili moja kufuata cha huko bila maelezo kunafanya watu wa hapa waelewe tofauti. Msomaji wetu ana Kifaransa kichwani. Hatuwezi kuandika kana kwamba hana.

Pingamizi la pili ni la wenzetu wa hisabati, nalo ni zito zaidi: acheni majina kabisa, andikeni kumi kwa kipeo. Tatu mara kumi kwa kipeo cha kumi na moja, kwisha maneno. Kwenye karatasi nakubali bila kubisha. Ila mtangazaji wa redio hawezi kukisoma kipeo kwa baba anayesikiliza akiwa anaparua samaki, na namba zinazowahusu watu wa mji huu husikika mara nyingi kuliko zinavyosomwa.

Limebaki jambo moja ambalo sijalimaliza. Zaire ya mwaka 1967 iligawanywa kwa makuta 100, na kila likuta kwa sengi 100. Kwa hiyo faranga moja ya 1998 ilibeba sengi 3,000,000,000,000,000, tatu na sifuri kumi na tano. Niliwauliza walimu wawili waitamke kwa Kiswahili. Mmoja alifikiri kidogo akasema "milioni miliari tatu". Mwingine akachukua chaki, akaandika 3 na 10 na kipeo chake, akanirudishia chaki bila kusema neno.